Mnara wa Wyncote

Wahenga waliotuambia kwamba nyumba njema si mlango hawakuwa na ugomvi na maseremala. Walijua tu kuwa macho hushiba upesi, moyo ukabaki na njaa yake. Hester Tranter aliyajua hayo akiwa amekwisha kuvishwa pete.

Alikuwa binti wa pekee wa mzee Silas, mshona matandiko ya farasi katika kijiji kimoja cha Shropshire, enzi za Malkia Victoria. Mlango wa nyumba yao ulikuwa mfupi hata mgeni asiyeinama aliondoka na nundu. Ng'ambo ya mto, juu ya kilima, Bwana Ambrose Fairholt, tajiri wa kiwanda cha misumari, alikuwa amejenga Wyncote: jumba la mawe mekundu, mapaa yaliyochongoka kama meno ya msumeno, na mnara mrefu wenye saa, uliochomoza juu ya miti kama kidole kinachoonya. Bwana huyo alipomposa Hester, kijiji kizima kilipigwa na butwaa.

“We Hetty,” alimtania shoga yake Nan, mfua nguo, “ukishazoea nyama ya paa huko juu, sisi walaji wa viazi utatujua tena?”

“Koma! Wewe ndiye utakayekuwa mgeni wangu wa kwanza.”

“Thubutu! Nitapitia mlango gani?”

Wakacheka hadi machozi. Mzee Silas hakucheka.

“Mwanangu,” alisema, “mnara umeuona. Maisha ya mle ndani umeyaona?”

“Baba, mtu aliyejenga nyumba nzuri vile atakuwaje na roho mbaya?”

“Sijasema ana roho mbaya.”

Kweli, Ambrose hakuwa na roho mbaya. Hakumwinulia mkewe mkono wala sauti. Ubaya ulikuwa katika ramani. Jumba lile lilichorwa ili watu wasikutane. Wanaume walikuwa na upande wao, na chumba chao cha kuvutia tumbaku kileleni mwa mnara; wanawake walikuwa na upande wao. Watumishi walipanda ngazi zao zilizofichwa nyuma ya kuta, na kati yao na mabwana palikuwa na mlango mnene uliofunikwa kitambaa kizito, usiopitisha sauti wala harufu ya kabichi. Hester aliamka akakuta moto umekwisha kuwashwa na mikono asiyoijua. Chakula kilitoka jikoni mbali, kikafika kimepoa. Mezani mume alikaa ncha ile na mke ncha hii. Hata chumvi ilisafiri kwa mtumishi.

“Ambrose,” alisema siku moja, “leo jioni tule kwenye kile chumba kidogo, mimi na wewe tu.”

“Kile ni cha kifungua kinywa, mpenzi. Kinatazama mashariki.”

“Kwani jioni mashariki huondoka?”

Ambrose alitabasamu kama anayemsamehe mtoto. “Subiri nimalize kujenga upande mpya. Utaupenda.”

Upweke ulipomzidi, Hester aliusukuma ule mlango mnene, akasikia vicheko, akavifuata hadi jikoni. Vicheko vilikatika kama uzi. Bi Pruett, msimamizi wa watumishi, akainuka. “Bibi amepungukiwa na nini?”

“Sina shida. Nimewasikia mnacheka tu, nikaja.”

Walitazamana. “Kengele iko chumbani kwako, bibi,” alisema Bi Pruett kwa adabu.

Basi mumewe alipokuwa kiwandani, Hester alizoea kupanda mnarani. Asubuhi moja ya Novemba, mvua ikichanganyika na theluji, alimwona mtu akiikwea njia ya magari ya farasi, mdogo kama sisimizi. Alipotelea chini ya paa la baraza ya mbele, kisha akatokea tena, akirudi alikotoka, mgongo umepinda. Alijishikiza kwenye nguzo ya geti, akapumzika, akaendelea. “Maskini,” Hester alinong'ona, “sijui ni nani.” Akamsindikiza kwa macho hadi miti ikammeza.

Siku chache baadaye mlango mnene ulifunguka kwa kishindo. Nan alisimama kwenye zulia, viatu vimejaa matope, Bi Pruett akimvuta shali kwa nyuma.

“Hetty! Baba'ko yu taabani, na wewe ndiye uliyemfukuza!”

“Mimi?”

“Alikuja kukuona. Mtumishi wenu wa mlangoni kamwambia mafundi hupita nyuma, na bibi hapokei wageni. Mzee wa watu karudi kwa miguu kwenye baridi ile!”

Hester alitoka vivyo hivyo, bila kofia wala glavu, akateremka kilima mbio.

Mzee Silas alikuwa akipumua kwa shida. “Nilidhani ni wewe uliyeagiza,” alisema.

“Nilikuwa mnarani, baba. Nilikuona. Sikukutambua.”

Mzee alimpapasa nywele zilizolowa. “Ni mbali sana kutoka kule juu,” alisema, kana kwamba anamtetea.

Kesho yake Ambrose alikuja kwa farasi, akasimama nje.

“Hester, nitaleta daktari na muuguzi. Wewe rudi nyumbani. Watu watasemaje?”

“Inama kidogo, uingie. Kaa nasi.”

Ambrose aliutazama mlango mfupi, akaishika kofia yake ndefu. Kwa nukta moja ilionekana ataivua. Kisha macho yake yakapanda kilimani. “Gari litakuja Jumapili,” alisema.

Gari lilikuja, likarudi tupu. Silas alifariki kabla theluji haijayeyuka, mkono wake ukiwa mkononi mwa bintiye. Hester alibaki peke yake katika nyumba ile ndogo, akijifunza kushona ngozi kwa sindano za baba yake, na siku nyingine Nan aliingia bila kubisha akamkuta analia. Kule juu Ambrose alimaliza upande wake mpya, akala peke yake kwenye meza ndefu. Wasafiri waliopita barabarani waliendelea kusimamisha magari yao wausifu mnara, wakiwaonea wivu wenyeji wake. Laiti wangeingia, wangekiri kwamba nyumba njema si mlango.