Paa Aliyejifanya Mtani wa Bi Mashavu

Paukwa!

Pakawa!

Hamkuitikia vizuri, lakini moto umeshashika, nitawasamehe. Sogeeni. Hadithi hii nikiisimulia mimi hata mbuzi huacha kutafuna, na anayetaka kubisha asubiri nimalize.

Hapo zamani za kale, wanyama na watu walipokuwa bado wanaazimana chumvi, palikuwa na bibi mmoja akiitwa Bi Mashavu. Nyumba yake ilikuwa ukingoni mwa kijiji, na mbele ya baraza alipanda asumini, mrihani na mawaridi. Mtu akipita njiani ametoka kugombana na mkewe, akifika pale anasahau ugomvi ulihusu nini.

Bi Mashavu alikuwa na mjukuu, Zamda, na Zamda alikuwa ameposwa. Harusi ilikuwa Ijumaa. Sasa bibi huyu ulimi wake haulali. Alikwisha kuwatangazia wakwe kwamba bibi harusi atavaa kifuani kikuba, kishada cha asumini ya mlangoni kwake mwenyewe, na kitanda kitamwagiwa asumini ya mlangoni kwake mwenyewe, wala halitaombwa ua hata moja kwa jirani.

Wakwe wakasema, "Haya, tutakuja kunusa."

Asubuhi moja akatoka na birika lake, akakuta mrihani umekatwa kama umenyolewa. Katikati ya maua amesimama Paa, macho makubwa ya unyenyekevu, anatafuna.

"Wewe, unafanya nini hapo?"

"Nimepita tu, nimeonja tu, naenda zangu," akasema Paa, akaenda zake.

Bi Mashavu akakata miba, akazungushia maua yote. Kulipokucha, mawaridi hakuna. Paa alikuwa ameruka juu ya miba kuingia, na sasa tumbo limejaa, kuruka kutoka kunampa tabu.

"Nimepita tu, nimeonja tu, naenda zangu," akasema huku anahema.

Bi Mashavu akachomeka mti, akauvisha kanzu ya marehemu mumewe, juu akaweka kofia. Alfajiri Paa akaja, akasimama kwa adabu.

"Shikamoo, babu."

Kimya.

"Babu, shikamoo."

Kimya.

"Shikamoo, nasema."

Kimya. Paa akatikisa kichwa. "Mzee asiyeitikia shikamoo huyo si mzee, ni ukuni." Akala asumini ya upande mmoja wote, akajifutia mdomo kwenye kanzu. "Nimepita tu, nimeonja tu, naenda zangu."

Kikabaki kichaka kimoja cha asumini, kando ya baraza, vitumba vyake bado vimefumba. Bi Mashavu akaketi akashika tama.

"Bibi, si tuombe tu kwa jirani?" akasema Zamda.

"Niombe? Baada ya maneno yote yale? Wakwe watacheka mpaka watoto wako wazaliwe wawakute bado wanacheka."

Paa aliporudi, bibi alikuwa anamsubiri na mchi wa kutwangia mkononi. Lakini Paa hakukimbia. Alikunja miguu, akakaa.

"Weka mchi chini, mtani wangu."

"Mtani wako nani?"

"Babu yako na babu yangu walipigania shamba la kunde, wakachoka, wakapatana. Tangu hapo sisi ni watani. Na mtani akichukua cha mtani, mwenye kitu hakasiriki. Au nyumba hii hamfuati mila?"

Hapo bibi akakwama. Maana nchi ile utani ni utani. Mtani anaweza kukuondolea kuku chunguni, nawe unatakiwa ucheke. Bi Mashavu akaweka mchi chini. Akamtazama Paa, akafikiri, kisha akacheka meno yote nje.

"Kumbe ni wewe, mtani. Mbona hukusema siku zote?"

"Basi nitarudi vitumba vikifunguka," akasema Paa, akaenda zake.

Mchana ule akawakusanya wanawake wa harusi, wakaenda na vikapu mpaka kichakani kwa Paa. Wakautikisa mkunazi wake, wakazoa kunazi zote, ukabaki majani matupu.

"Umekasirika, mtani?" akauliza Bi Mashavu.

"Sijakasirika," akasema Paa.

Kesho yake wakaja na mundu. Wakakata nyasi laini anazolalia, wakajitwisha, wakaondoka wakiimba.

"Umekasirika, mtani?"

"Nani, mimi? Sijakasirika." Lakini masikio yalikuwa yanatetemeka.

Alhamisi Bi Mashavu akaja peke yake. Amebeba sinia, kisu cha kuchinjia, na bakuli la tangawizi na kitunguu saumu vilivyotwangwa. Akaketi karibu na Paa, akaanza kumpaka shingoni, taratibu.

"Mtani, nini hiki?"

"Viungo. Vikikaa tangu leo vinaingia vizuri."

"Vinaingia wapi?"

"Kwenye nyama ya pilau la kesho. Mtani si anachukua cha mtani? Kunazi nimechukua, nyasi nimechukua, umebaki wewe. Lala ubavu, elekea kibla."

Paa akatazama kisu.

"Mtani, utani nao una mpaka."

"Uko wapi? Mbona mlangoni kwangu sikuuona?"

"Upo. Njoo nikuonyeshe."

Wakaenda. Paa akachora mstari kwa kwato, mbele tu ya miba. "Hapa."

Bi Mashavu akapitisha kidole gumba kwenye makali ya kisu.

"Au pale," akasema Paa, akachora mwingine ng'ambo ya njia.

Kidole kikapita tena.

"Lakini nikikumbuka vizuri, babu alisema ng'ambo ya kisima." Akakimbia mpaka ng'ambo ya kisima, akachora mstari mrefu, akaurudiarudia kwa kwato usifutike.

Ijumaa asumini ya barazani ikafunguka. Mrihani haukuwepo, waridi halikuwepo, na kitandani maua yalimwagwa hapa moja, pale moja. Lakini kikuba cha Zamda kilikuwa cheupe pepepe, cha mlangoni kwao wenyewe. Wakwe wakainama, wakanusa, wakatafuta kosa wasilione. Wakaelekea kwenye pilau, ambalo lilikuwa la mbuzi.

Huko ng'ambo ya kisima, upepo ukaleta harufu ya asumini. Watoto wa Paa wakainua pua.

"Baba, kuna kitu kinanukia. Twende tukaonje."

Paa alikuwa anajisugua shingo kwenye kisiki, maana kitunguu saumu kilikataa kutoka.

"Kaeni hapa hapa," akasema. "Kule wapo watani wetu, na wana njaa."

Hadithi yangu imekomea hapo alipokomea Paa. Anayetaka zaidi akamuulize mwenyewe, kama atathubutu kuvuka mstari.