Ngwali Akataa Kwenda Vitani

Hapo zamani, katika mji wa Mbwera, palikuwa na mjane fukara aitwaye Kidawa, ambaye mali yake yote ilikuwa ulimi. Sultani Daruweshi alipenda hadithi, basi akamwita barazani. Kidawa akamsimulia habari za Ngwali, kijana aliyeaguliwa kwamba atauawa vitani kwa mkuki wa nduguye. Mama akamkanya, mchumba akamkanya, naye akaenda, akauawa. Sultani akalia mpaka kamasi zikamtoka mbele ya mawaziri. Akaona haya, na haya ikageuka ghadhabu.

"Kwa nini asikatae kwenda?" akauliza.

"Iliandikwa, Bwana wangu."

"Aliyeandika ni nani, kama si wewe? Kesho utasimulia tena, na Ngwali awe na hiari yake. Na atakayemtia mauti, awaye yote, atachapwa bakora arubaini sokoni."

Kidawa akarudi kwake akijipapasa mgongo, maana haukuwa na nyama ya kuhimili hata bakora nne.

Kesho yake akaanza: "Ngwali akakataa kwenda vitani. Akanywa uji, akalala." Siku ya pili Ngwali akakata kucha. Siku ya tatu akatafuta kiatu, akakiona. Ikawa hivyo siku nane. Mawaziri wakakoroma, kadhi akaporomoka kitini. Na kila Sultani alipouliza, "Kisha?" Kidawa alijibu kwa adabu, "Kisha akanywa uji, Bwana wangu. Ndiyo hiari yake."

Siku ya tisa Sultani akashindwa kustahimili. "Mtoe nyumbani mpumbavu huyu. Aende vitani."

"Nduguye yuko huko na mkuki, Bwana wangu."

"Na aende."

"Basi akaenda, akauawa," akasema Kidawa. Akamtazama mshika bakora, kisha akamtazama Sultani.

Mawaziri wakainamisha vichwa. Aliyeanza kucheka ni mama yake Sultani, nyuma ya pazia. Sultani naye akacheka hata kilemba kikamlegea. Akaifuta amri yake, akaagiza Kidawa apewe nyumba ya mawe na mchele wa kumtosha maisha.

Kisha akamsogelea, akamwuliza kwa sauti ya chini, "Niambie kweli, Bi Kidawa. Angeweza kukataa?"

"Aliweza, Bwana wangu. Siku nane nzima alikataa. Sisi ndio tuliochoka naye."