Nani Aliuwasha Uwanja wa Muheza?

Sogeeni, na mwenye usingizi akalale mapema, maana leo nawauliza jambo lililonishinda mimi mwenyewe. Naitwa Bi Mwanjaa, na zamani nilikuwa mlezi wa bendi. Msicheke! Bendi za kwetu hazikosi mlezi, mtu mzima wa kuamua ugomvi wao, na akishasema, amesema. Mimi cheo hicho nilikipata kwa sababu moja tu: vijana walifanyia mazoezi katika banda langu la kuku. Ndipo wakajiita Bandani Jazz.

Walikuwa watatu. Mbaruku alipiga besi, na alijaliwa kutunga. Nyimbo zake zilikuwa fupi na tamu, kiitikio ukikisikia mara moja unakwenda nacho hadi sokoni. Wazee walinung'unika, "Wimbo gani huu, unaisha hata viatu sijavua?" Maana enzi hizo wimbo wa dansi ulikuwa safari ndefu, unakunywa chai na kurudi, bado wanapiga.

Kiondo alijaliwa mikono. Alipiga gitaa, na redio iliyokufa ukimpa asubuhi, mchana inasoma habari.

Na Mwanamkasi, binti wa muuza chumvi, alijaliwa kifua cha kuimba. Alipiga dramu huku akiimba, na hapo mtaani hatukuwa tumemwona mwanamke akifanya hivyo. Mama yake alinijia juu, eti namharibia mwana. Nikamwambia, "Msikilize kwanza." Akasikiliza, akaenda zake akamwacha binti.

Hawakuwa na meneja wala kampuni. Kanda yao walirekodi wenyewe bandani, na ukiisikiliza vizuri utamsikia jogoo wangu anaingia pasipo zamu yake.

Haya basi. Idd Pili, kukawa na tamasha la bendi Muheza, kwenye uwanja wa mpira. Bandani Jazz wakawekwa mwisho, na bendi kubwa zilizotangulia zikala saa zote. Walipopanda jukwaani, mshereheshaji akawaambia, "Magharibi imekaribia. Wimbo mmoja, mfupi, au shukeni."

Bendi nyingine ingeshuka. Mbaruku akacheka. "Mfupi? Tunao," akasema. Akachagua wimbo wake wa kijana anayemwomba mchumba afungue dirisha. Hapakuwa na wimbo mwingine uwanjani pale ambao ungetosha katika muda ule. Pasingekuwa na Mbaruku, wangerudi nyumbani bila kupiga.

Kiondo akagusa gitaa, spika ikatoa moshi, kimya. Watu wakaanza kuondoka, wengine wakizomea. Kando ya uwanja palikuwa na gari la matangazo, lenye kipaza sauti juu ya paa. Kiondo akaruka chini, akambembeleza dereva, akavuta waya, akachomeka humo besi na maikrofoni, kisha gitaa lake. Jamani! Likatoka na mkwaruzo mkali, mtamu, ambao sikuwahi kuusikia kwenye gitaa. Waliokuwa wamefika getini wakarudi mbio. Pasingekuwa na Kiondo, wangepigia majani.

Wakafika kwenye kiitikio, betri ya gari ikafa. Gitaa likakatika, besi ya Mbaruku ikakatika. Wanaume wawili wakabaki wanatazamana kama kuku wageni. Mwanamkasi hakusimama. Alizidisha dramu, akaimba kwa koo lake tupu, "Fungua dirisha, mimi nipo!" Uwanja mzima ukamjibu. Wakauimba hadi mwisho, wazee wale wale wa viatu wakiwemo. Pasingekuwa na Mwanamkasi, wimbo ungefia njiani.

Kidole kimoja hakivunji chawa, nakubali. Lakini sikilizeni kilichofuata.

Asubuhi yake alikuja kwangu Bwana Nyambo, kiongozi wa bendi kubwa ya Dar es Salaam. Akasema, "Mama, namtaka yule aliyeuwasha uwanja jana."

"Wachukue wote watatu."

"Nina nafasi moja. Mwanamuziki wangu mmoja ameacha, na wengine wote wapo. Gitaa, besi, dramu, sauti, nitapanga mwenyewe. Nipe huyo mmoja. Nakwenda kunywa chai, nikirudi naondoka naye."

Nikawaita mmoja mmoja, nikidhani watarushiana, mmoja aseme "mchukue mwenzangu" nami nipumue. Wapi! Nilimuuliza Mbaruku, "Nani aende?" Akasema, "Mimi." Kiondo, "Mimi, Mama." Mwanamkasi akanitazama usoni, "Mimi. Nikibaki hapa, wataniozesha na dramu nitaisikia redioni." Niliwapenda kwa ukweli wao, na niliumia, wallahi, maana wote walikuwa wananiomba maisha yao.

Nikawakusanya. "Na nisipomtaja yeyote? Mbaki wote, mpige pamoja?"

Kiondo ndiye aliyejibu. "Tutabaki, Mama. Lakini kila mmoja atajua kwamba ni wewe uliyemzuia. Hatutapiga tena kama jana."

Ndipo nikajua kwamba bendi ilikwisha pale mlango ulipobishwa, nami nilibakiwa na kazi ya kuchagua imalizike vipi.

Honi ikalia nje. Nikatoka, nikataja jina. Jina siwaambii ng'o, maana mkilijua mtaacha kufikiri na mtaanza kunihukumu. Mmoja akapanda gari huku analia. Wawili walikubali, kama walivyoapa kulitii neno la mlezi. Walinipa mkono, wakasema, "Ahsante, Mama," na tangu siku ile hawajagusa chombo cha muziki.

Sasa semeni nyinyi. Kuna aliyeuleta wimbo, kuna aliyeupa sauti, kuna aliyeuvusha. Gari liko mlangoni, watatu wamesimama uani wanakutazama mdomo. Ungemtaja nani? Na kabla hujajibu, nijibu na hili: wale wawili ungewatazama vipi?