Kanga ya Mwenye Wimbo

Sogeeni, na mwenye kicheko asikibane, maana Kibwana mwenyewe alishajicheka.

Ilikuwa Tanga, ukumbini. Bibi harusi, Mwatumu, kasimama mlangoni. Na kwao bibi harusi haingii mpaka upigwe wimbo waliomtungia ndugu zake. Mjomba wake, Kibwana, dereva wa malori aliyekula ugali wa Lusaka mpaka Lubumbashi, akampa DJ flashi kwa mbwembwe. Spika zikanguruma. Ikatoka sauti ya Kibwana tupu, bila ngoma. Kisha kimya. Kisha mahindi yakitafunwa. Kisha, wakwe wote wakisikia, Kibwana akijisifu mwenyewe: "Hapo umetisha, Kibwana! Lazima wakuombe namba!"

Ukumbi ulivunjika mbavu. Mwatumu, machozi yakimlengalenga, akarudisha mguu nyuma.

"Kaka, nilikupa flashi uniletee treki yako niiunganishe na nyingine!" dada yake Chausiku alifoka. "Nani kakutuma kwa DJ?"

Kibwana alitamani aingie chini ya busati.

Maana wimbo ulikuwa wa ndugu watatu. Kibwana ana koo: alitunga maneno, akajirekodi ndani ya lori kule Tunduma, ngoma ya mdogo wake ikimlia masikioni.

Huyo mdogo wake, Hemedi, ana mikono: alijirekodi kwake Pangani, ngoma peke yake, tari peke yake. Tena ndiye aliyeshikilia kwamba kila treki ianze kwa kofi moja zito. Kibwana alimkejeli kwenye simu, ila kofi alipiga.

Na dada yao Chausiku hajui kuimba, hata sufuria hajui kuigonga. Yeye ana masikio, na kompyuta.

Basi akaifungua palepale, katikati ya sahani za pilau, akachomeka ile flashi. Akazipanga treki tatu, moja juu ya nyingine, akabonyeza. Balaa! Ngoma inakimbia, Kibwana anaburuzwa nyuma kama trela lililopasuka tairi.

"Makofi, dada!" Hemedi akaruka. "Yalinganishe makofi!"

Chausiku akayavuta, moja chini ya jingine, mpaka makofi matatu yakalia *pa!* kama moja. Akakata mahindi, akakata majigambo, akapandisha sauti, akashusha tari. Kisha akazimimina treki zote katika faili moja. DJ akalipokea mbiombio.

Weee! Ukumbi mzima ulisimama. Mwatumu aliingia akicheza, shela likipepea, na wakwe walewale waliocheka wakapiga vigelegele mpaka sauti zikawakauka. Kibwana alilia waziwazi, wala hakujifuta.

Wimbo ulipoisha, Mwatumu alivua kanga begani. Ndiyo desturi: kanga hiyo huvikwa mwenye wimbo, mmoja tu.

"Mwenye wimbo nani?"

Wakasimama watatu.

"Bila koo langu mngecheza nini?" akasema Kibwana.

"Bila ngoma yangu na kofi langu, ungeimba na mahindi yako," akajibu Hemedi.

"Na bila mimi," Chausiku akasema, "mngekuwa kelele za watu wawili wasiojuana."

Kibwana akawageukia wageni, mikono juu. "Haya, mlioalikwa na mliojialika! Koo, mikono, masikio: ukikosa kimoja, bibi harusi yuko mlangoni hadi leo. Je, wewe ungemvika nani?"

Kabla mtu hajafungua mdomo, Mwatumu alijitupia kanga begani mwake mwenyewe.

"Mjomba, aliyesimama mlangoni kukusikiliza ukitafuna ni mimi. Kaa chini."