Dagaa wa Mama, Minofu ya Tunu

Hadithi, jamani!

— Ilete tuisikie!

Naileta mbichi, inanukia ziwa.

— Ilete hivyohivyo!

Hapo zamani za kale, kando ya ziwa, aliishi Fisimaji, yule mnyama mwinda samaki, na mwanawe mmoja, Tunu. Shimo lao lilikuwa ukingoni kabisa, na masika ilipofika maji yalilijaza pomoni. Ndiyo maana fisimaji wote walikuwa na desturi moja: mtoto ajue kuogelea kabla ya masika. Asiyejua, maji humkuta ndani.

Tunu hakujua. Miguu yake ilikuwa legelege.

Fisimaji alimpenda mwanawe, jamani, alimpenda! Akasema, "Mwanangu hatakula dagaa wa ziwani, vijisamaki vya miiba mitupu. Mwanangu atakula samaki wa maana."

Jirani yake Kiboko alikuwa amechimba bwawa, akafuga sato. Sato wa Kiboko walinona, waking'aa, hata kukimbia hawakimbii. Kila asubuhi Fisimaji alimkatia Kiboko majani, naye Kiboko akampa sato. Mama akaondoa kichwa, akaondoa miiba, minofu mitupu akampa Tunu. Yeye mwenyewe akaingia ziwani, akashika dagaa, akawatafuna wazimawazima, kichwa na miiba.

Tunu akanenepa, shingo haionekani. Mama akafurahi, akampeleka majini akimwimbia:

"Tunu wangu, piga mguu,
masika yaja, maji ni juu!"

Tunu akapiga mguu, akazama. Mama akamtoa, akamwongezea sato.

Akampeleka tena, akamwimbia tena. Tunu akapiga mguu, akazama. Mama akamtoa, akamwongezea sato.

Mara ya tatu mawingu yalikuwa yameshatanda. Tunu akazama mpaka chini. Mama akapiga mbizi, akamtoa yu hoi, akaketi mchangani akalia kwa sauti.

Mdiria, ndege mla samaki mwenye kiota ukingo uleule, akatua karibu naye.

"Pole, shoga yangu. Hebu niambie, mtoto anakula nini?"

"Sato wa Kiboko. Minofu mitupu!"

"Na wewe?"

"Mie? Mie najilia dagaa tu, nimwachie mwanangu kizuri."

"Haya. Na nani kamtoa mwenzake majini?"

Fisimaji akaitazama miguu yake, akaitazama ya Tunu. Moyo ukamuuma sana.

"Kumbe nilikuwa namnyima mwanangu," akasema, "nikidhani nampa!"

Kiboko alisikia, akaja amevimba. "Samaki wangu wana kasoro gani? Hamwoni walivyonona?"

"Unawalisha nini, bwana?" Mdiria akauliza.

"Pumba. Asubuhi pumba, mchana pumba, jioni pumba."

"Basi humgawii jirani samaki. Unamgawia pumba yenye magamba."

Kiboko akaona haya, maana hakuwa na roho mbaya. Siku hiyohiyo akaanza kuwatupia sato wake wadudu, majani ya majini na dagaa waliopondwa.

Naye Tunu akala dagaa. Kwanza akalia, kisha akatema, kisha akazoea. Akatafuna kichwa, akatafuna miiba. Mashavu yakapungua, miguu ikakaza.

Masika ikaja na kishindo. Maji yakaingia shimoni mama akiwa bado ziwani. Akarudi mbio akipiga kelele, "Tunu! Tunu wangu!" Kabla hajaufikia mlango, kichwa kidogo kikaibuka mbele yake.

"Mama, mbona unalia? Nimetoka mwenyewe."

Basi, wenzangu, samaki wa bwawani si mbaya kwa kuwa ni wa bwawani, wala wa ziwani hana uchawi. Samaki ni kile alichokula, na mtoto ni hivyohivyo. Msimpime kwa mashavu, na kile kidogo mnachokidharau msikitupe kabla hamjakijua.

Yangu nimeyatua hapa. Aliyeyapenda aondoke nayo, asiyeyapenda anirudishie.