Mahali pa Jenerali Ukutani

Nimeletewa hii asubuhi na rafiki, nikaona ni choyo kubaki nayo.

Katika mji mmoja mdogo wa Punjab, huko India, Makalasinga walijenga makumbusho ya askari wao waliopigana kufa na kupona na jeshi la wakoloni. Ukuta mkubwa wa ukumbini alikabidhiwa mchoraji Satwant Kaur, mwanamke wa makamo mwenye kichwa kigumu kwelikweli, achore siku ya mwisho ya vita.

Siku hiyo kila mtu mjini aliijua. Jenerali wao alivuka daraja alfajiri na walinzi wake, kisha akaamuru likatwe nyuma yake. Askari wakabaki, adui mbele, mto nyuma. Walitakiwa wajisalimishe, wakakataa, wakapigana hadi wa mwisho.

Mwenyekiti wa kamati, Sardar Ujagar Singh, alikuja na ombi.

"Binti yangu, mweke jenerali mbele, upanga juu. Tutapokea wageni kutoka mbali. Tutawaonyeshaje aibu yetu wenyewe?"

"Mzee wangu, hakuwa mbele."

"Mweke tu. La sivyo nitatafuta mchoraji mwingine."

Satwant alirudi kazini na hasira zake. Ukuta kama ule aliuota tangu utotoni, na kunyang'anywa kungemuuma kuliko kitu chochote. Lakini kila alipoinua brashi kumchora yule bwana mbele, mkono ulikataa. Kuwapanga wale vijana nyuma ya mtu aliyewatoroka aliona ni kuwaua mara ya pili. Akapiga moyo konde, akachora.

Siku ya ufunguzi watu walivua viatu, wakafunika vichwa, wakajaa ukumbini. Pazia likavutwa.

Askari walienea ukuta mzima, bega kwa bega, macho makavu. Na jenerali? Alikuwepo, pembeni kabisa, ng'ambo ya mto: mgongo, kisogo na mkia wa farasi. Farasi mwenyewe alionekana kuona haya.

Watu wakaguna. Sardar Ujagar alimjia juu Satwant.

"Nilikuambia umweke."

"Nimemweka, mzee wangu. Hivyo ndivyo askari wetu walivyomwona mara ya mwisho."

Mzee akamwita fundi. "Lete chokaa. Ukuta huu upakwe leo hii." Kisha akamgeukia Satwant. "Wewe huna huruma? Yule mtu aliacha kizazi. Pengine wamo humu ndani, unawaaibisha mbele za watu."

"Wamo," alisema Satwant. "Ni babu wa babu yangu."

Watu wakageuka kumtazama.

"Nyumbani kwetu nimesikia akisifiwa tangu nizaliwe. Hawa aliowaacha wengi walikufa hata hawajaoa. Hawana mtoto wala mjukuu wa kuwasemea. Basi nimewasemea mimi, wa damu yake." Akaenda kusimama mbele ya mchoro, mgongo ukigusa ukuta. "Kama ni chokaa, anzeni na mimi."

Fundi alishika ndoo, asijue amtazame nani. Sardar Ujagar alimtazama yule mwanamke, kisha wale vijana ukutani nyuma yake, na hasira ikamtoka taratibu usoni.

"Rudisha chokaa stoo," alisema. Kisha akaunganisha viganja vyake, akainamisha kichwa mbele ya askari.

Funzo: Ukitaka kuwaheshimu waliosimama imara, uwe tayari kumtaja aliyekimbia, hata kama ni wa damu yako.