Mbwa Aliyekataa Kengele

Paukwa!

Pakawa.

Mbona mnaitikia kama mmenyimwa chakula? Wakubwa nao wamenyamaza, utadhani ngano ni ya watoto peke yao. Na wewe Riziki, acha kumfinya mwenzako. Turudie. Paukwa!

Pakawa!

Sasa nimewasikia. Hapo kale, kale ile ya wanyama kuwa na mashamba yao na ugomvi wao, Nyani alilima mahindi bondeni. Naam, Nyani. Cheka tu. Alilima, yakastawi, na kwa kuwa mwenyewe alikuwa mwizi tangu utotoni, alijua wezi wanapitia wapi. Akatafuta mlinzi. Akamchukua Mbwa, bado mdogo, macho ndiyo kwanza yanafumbuka, akamfunga kamba ya katani shingoni. Ncha ya pili akaifunga kwenye nguzo mbele ya kibanda.

Mbwa akalinda. Ngedere wakija, anabweka. Nguruwe wakija, anabweka. Mvua ikinyesha, yuko pale. Jua likiwaka, yuko pale. Akizunguka, anaizunguka nguzo, mpaka ardhi ikachimbika duara. Akakua. Shingo nayo ikakua, lakini kamba haikukua. Nyani hakuitazama hata siku moja.

Mahindi ya mwaka wa pili yakavunwa. Nyani akafunga mizigo, anahamia milimani kwa ndugu zake. Mbwa alipoiona mizigo akasimama, akatikisa mkia, akidhani wanaondoka wote. Nyani akamwambia, "Kaa hapa. Nitarudi." Akajitwika mzigo wake, huyo, akaenda zake. Kamba hakuifungua.

Basi Mbwa akakaa. Alikunywa maji ya mvua yaliyotuama kwenye chungu kibovu. Alikula panzi waliojileta wenyewe. Siku zikapita, akakonda, manyoya yakamtoka, kamba ikaingia kwenye nyama. Akawa halali wala hasimami, yupo tu.

Sasa, kila mwaka baada ya mavuno, kundi la mbuzi lilikuwa likishuka bondeni kula mabua. Unawasikia kabla hujawaona. Nge-nge-nge. Nge-nge-nge. Kila mbuzi wa kundi lile alivaa kengele shingoni, kwa ukanda wa ngozi. Ndiyo ilikuwa desturi yao na fahari yao. Mtoto akiachishwa ziwa, anavalishwa. Mgeni akikubaliwa, anavalishwa. Mbuzi wale walikuwa hawaitani. Mmoja akipotea wanasikiliza tu kengele yake, wanamfuata.

Mkubwa wao alikuwa Beberu, ndevu mpaka kifuani. Na alikuwapo Siwatu, mjane wa kaka yake Beberu, mbuzi wa pembe moja, mdomo wake mkali, moyo wake laini, na huo ulaini hakutaka ujulikane.

Siwatu ndiye aliyefika kwanza kwenye kibanda. Akaona kitu kando ya nguzo. Akafikiri ni ngozi imeanikwa ikasahauliwa. Ngozi ile ikasema, "Shikamoo, mama."

Siwatu akaruka nyuma. "Marahaba," akasema alipopata pumzi. "Hujambo?"

"Sijambo," akajibu Mbwa.

Hajambo! Kichwa hawezi kukiinua, nzi wamemjaa shingoni, na anasema hajambo. Siwatu alisikia uchungu mpaka machozi yakamlenga, akajifanya ni vumbi.

Mbuzi wakakusanyika, wakaanza maneno. Huyu si ndiye aliyekuwa akitubwekea mwaka jana? Huyu ana meno. Huyu ana mwenyewe. Beberu akakohoa, akasema kwamba si vizuri kuingilia mambo ya kwa mtu.

"Shemeji," akasema Siwatu, "hapa si kwa mtu. Hapa pana nguzo tu."

Akainama, akaanza kuitafuna kamba. Tafu, tafu, tafu. Mbuzi kwa kutafuna, mnamjua. Lakini ile haikuwa kazi ya pupa, maana kamba na nyama vilikuwa vimeshikana. Alitafuna uzi mmoja, akapumzika. Akatafuna wa pili, akapumzika. Tafu, tafu, tafu. Mbwa alitetemeka, hakuuma. Jua lilipofika utosini, kamba ikakatika.

Mbuzi wakafurahi. Hata wale waliopinga walifurahi, na mmekwisha kuwaona watu wa namna hiyo. Wakamletea chakula kila mmoja. Na walimletea nini? Majani! Majani laini, majani ya ncha, yale ambayo mbuzi hampi hata mama yake. Mbwa akaona wanamtazama, akaona aibu, akayala. Akayatapika yote. Wakanuna. Wakasema hana shukrani.

Siwatu akafikiri. Akakumbuka kwamba mwenye meno yale hawezi kuwa mla majani. Akachukua kifuu cha nazi, akakamua maziwa yake mwenyewe. Msiniulize alikamuaje, mbuzi wa kale walijua mambo mengi. Akakiweka kifuu mbele ya Mbwa, kisha akageuka akatazama pengine, kwa sababu alikwisha kuona kwamba huyu akitazamwa, hali kwa raha. Nyuma yake akasikia, lap, lap, lap.

Ikawa hivyo kila siku. Asubuhi maziwa. Mchana anamtafunia majani ya mwarobaini, anambandika kidondani. Kidonda kikakauka, ngozi ikaota. Mbwa akaketi. Mbwa akasimama. Mbwa akatembea.

Lakini alitembeaje? Alitembea ndani ya lile duara lake. Kamba haipo, imeliwa, lakini akifika pale ilipokuwa inamkaba zamani, anasimama, anageuka, anarudi nguzoni. Mbuzi wadogo walicheka wakaanguka chini. Siwatu hakucheka. Kesho yake akakiweka kifuu nje ya duara, upana wa kwato moja tu. Mbwa akakitazama kutwa nzima. Jioni akanyoosha shingo, akanywa, miguu ikiwa ndani. Siku ya pili, kwato mbili. Akatoa mguu mmoja. Siku ya tatu Siwatu akasogeza zaidi, Mbwa akagoma, akalala na njaa. Siku ya nne Siwatu akakirudisha karibu. Hakugomba, yeye ambaye aligomba na kila mtu. Siku zikaenda, kifuu kikaenda, mpaka asubuhi moja Mbwa akajikuta katikati ya mabua pamoja na mbuzi, miguu yake yote minne iko nje. Akastaajabu mwenyewe.

Sasa sikilizeni, hapa ndipo mbuzi walipokosea, na walikosea kwa mapenzi.

Beberu aliona kwamba Mbwa amepona. Akasema, huyu sasa ni wetu, na wetu hatembei shingo tupu. Akatafuta kengele nzuri kuliko zote, ile ya marehemu kaka yake. Kundi lote likajipanga, watoto wakacheza, mama mbuzi wakapiga vigelegele. Siwatu naye alifurahi. Tena yeye ndiye aliyemleta Mbwa mbele, kwa mkono wake, kama bibi harusi. Hakufikiri. Wala hakuna aliyefikiri. Mbuzi amezaliwa akiona ukanda shingoni ni heshima, atafikirije?

Beberu akaupitisha ukanda shingoni mwa Mbwa. Akaukaza.

Mbwa akaanguka chini. Mkojo ukamtoka. Hakulia. Akainuka, masikio chini, mkia tumboni, akapita katikati ya vigelegele, akarudi mpaka kibandani, akaingia ndani ya duara, akaketi kando ya nguzo. Akatulia. Hata kengele haikulia, kwa jinsi alivyotulia.

Vigelegele vikakatika. Mbuzi wakatazamana. Kisha wakakasirika, maana mtu akikataa zawadi yako mbele ya watu unaona haya, na haya nayo huja na hasira. Wakasema tumemfanyia kila jambo. Beberu aliumia kuliko wote, kwa kuwa kengele ile ilikuwa ya kaka yake. Akatangaza kwamba mabua yamekwisha na kesho asubuhi kundi linavuka kwenda malishoni ng'ambo, mwendo wa siku tatu. Mwenye kengele ataandamana nasi. Asiye na kengele atabaki, maana msituni hatuwezi kumtafuta mtu asiyesikika.

Siwatu akaenda kibandani. Aliijua hesabu. Mbwa akibaki pale, chungu kimekauka, panzi wamekwisha, hamalizi mwezi. Na yeye Siwatu akibaki peke yake bila kundi, fisi hatamwacha amalize hata wiki.

Kwanza akautafuna ule ukanda. Tafu, tafu, tafu. Kengele ikaanguka mchangani. Mbwa hakusogea.

"Nisamehe, mwanangu," akasema Siwatu. "Nilikuleta kwa mkono wangu, wala sikukuuliza."

 Mbwa akauliza jambo ambalo hakuwahi kuliuliza tangu aokolewe. "Mama, Nyani atarudi?"

Wote walikuwa wakilikwepa swali hilo. Siwatu angeweza kusema labda. Angeweza kusema Mungu anajua.

"Harudi," akasema.

"Najua," akasema Mbwa. "Nilijua tangu siku ya tatu. Lakini nikishakubali kwamba harudi, mimi nitakuwa mbwa wa nani?"

 Siwatu akaketi kando yake mpaka jua likashuka. Alipoinuka alimwambia hivi, kwamba kesho yeye anakwenda na wenzake. Hatamwambia kaa, kwa sababu hilo alikwisha kuambiwa. Wala hatamwambia njoo, kwa sababu miguu ni yake. Atapita tu pale mbele, polepole, ili anayetaka kumfuata amwone.

Kulipokucha kundi likatoka. Nge-nge-nge. Nge-nge-nge. Beberu mbele, watoto katikati, Siwatu wa mwisho kabisa. Alipita mbele ya kibanda. Hakusimama. Hakugeuka, maana aliona kwamba kugeuka ni sawa na kumvuta. Akatembea akisikiliza nyuma yake. Hakusikia kitu. Akapita mti wa kwanza, hakusikia kitu. Akafika kwenye kichuguu, hakusikia kitu. Machozi yakamtoka, na safari hii hakusingizia vumbi.

Beberu aliyekuwa mbele akageuka kulihesabu kundi lake. Akasimama. Kundi lote likasimama, kengele zote zikanyamaza. Siwatu akainua macho, akaona wote wanatazama nyuma yake.

Mbwa alikuwa amesimama njiani, mbali kidogo, shingo tupu.

"Kengele yako iko wapi?" akauliza Beberu kwa sauti nzito.

"Nimeiacha nguzoni, baba," akasema Mbwa. "Najua ni heshima. Lakini shingo yangu haiwezi. Nikiguswa hapa tu, nakuwa nimefungwa tena."

"Na ukipotea msituni, tutajuaje uliko?"

"Niite," akasema Mbwa. "Nitakuja."

Beberu akakwama. Kumbukeni, mbuzi wale walikuwa hawaitani. Mwenye ndevu zake zile hakuwahi kumwita mtu maishani mwake, alisikiliza kengele tu. Akamtazama Siwatu. Siwatu hakumsaidia. Akajikohoza mara moja, akajikohoza mara ya pili, akaona haya mbele ya wake zake na watoto wake.

"Mbwa," akaita.

Ilitoka sauti ndogo. Lakini Mbwa akasikia. Akatoka pale alipokuwa. Akapita kwenye kichuguu, akampita Siwatu, akawapita watoto, akawapita mama zao, mkia chini, anakuja. Siwatu akamtazama akipita, na hapo ndipo alipofahamu kwamba kiumbe huyu, tangu azaliwe, hakuna aliyewahi kumwita. Maana aliyefungwa hana haja ya kuitwa. Mwenyewe unamkuta palepale ulipomwacha.

Mbwa akafika. Akasimama mbele ya Beberu, pua kwa ndevu.

Beberu akamtazama ile shingo kwa muda mrefu, lile kovu lililoizunguka pande zote. Hakuwa ameitazama vizuri siku ya vigelegele.

"Haya," akasema. "Tembea hapa, karibu na mimi."

Wakaondoka. Nge-nge-nge, na katikati ya kengele zile, nyayo nne zisizo na mlio.

Sasa msinyamaze mkangoja niwatafutie fumbo, sina fumbo. Nasema wazi, mkubwa asikie na mdogo asikie. Ukimfungua aliyefungwa, usifanye haraka kumvika kitu chako, hata kikiwa kizuri, hata kikiwa ni cha mapenzi. Muulize kwanza. Umpe chakula kinachomfaa yeye, si kile unachokipenda wewe. Na siku ukimwita, mwache aje kwa miguu yake.

Hadithi yangu imeishia hapo. Nimeifungua, sijaifunga, aitakaye aende nayo kwake. Riziki, inuka, kuna mnyama nyumbani kwenu hajapewa maji tangu asubuhi.